Nyumba ya uzeeni Unguja na Pemba: fleti Fumba, kujenga mwenyewe, au kurudi kwenye ardhi ya ukoo

Mtumishi wa umma Zanzibar hustaafu kwa lazima akifika miaka 60, na akitaka mwenyewe huweza kuondoka kuanzia 55. Siku kiinua mgongo cha ZSSF, Mfuko wa Hifadhi ya Jamii Zanzibar, kinapoingia benki, fedha nyingi kuliko alizowahi kuzishika zinakuwa mkononi kwa mpigo mmoja, na madalali huzinusa kabla ya wanawe. Ulinganisho huu ni wa mtu huyo, pamoja na yule anayerudi kutoka Muscat, London au Dar es Salaam akitafuta pa kuzeekea.

Tuelewane kwanza juu ya jina. Mtaa wa wastaafu watupu, kama tunavyousikia, ni jambo la Marekani. Sun City ya Arizona ilifunguliwa Januari 1960, na sheria yao ya 1995 inaruhusu jumuiya za namna hiyo kukataa familia zenye watoto ikiwa angalau asilimia 80 ya nyumba zina mtu aliyetimiza miaka 55. Kwetu nyumba isiyomlaza mjukuu hakuna anayeitaka. Makaazi ya wazee ya Sebleni, Welezo na Limbani kule Wete ni ya Serikali, kwa wasio na wa kuwatunza, na hayanunuliwi. Kwa hiyo mwenye fedha za kununua ana njia tatu za kweli, na ya nne tutaipitia haraka: nyumba au fleti katika miji iliyopangwa upande wa Fumba, kiwanja na kujenga mwenyewe pembezoni mwa mji, kama Tunguu, Fuoni au Mwera, kurudi kwenye ardhi ya ukoo, na hapa tumechukua Pemba, na mwisho fleti ya Mji Mkongwe.

| | Fumba | Kujenga mwenyewe | Ardhi ya ukoo, Pemba |
|---|---|---|---|
| Unachopata | Sehemu ya jengo, juu ya ardhi iliyokodishwa | Haki ya matumizi ya ardhi, pamoja na nyumba | Ruhusa ya kukaa, mara nyingi haijaandikwa kwa jina lako |
| Fedha za mwanzo | Nyingi, kwa awamu | Za kati, na huongezeka njiani | Za nyumba tu |
| Kila mwezi | Ada, umeme, maji | Umeme, maji | Umeme, maji, michango ya kijiji |
| Kinachoharibika kwanza | Lifti, pampu, vyuma | Karo (tangi la maji machafu), bati | Ukuta wa mteremko, au maelewano na ndugu |
| Atakayekuja ukiita usiku | Mlinzi | Jirani, ukimjua | Ndugu |

Mstari wa mwisho wa jadweli ndio unaosahauliwa na wanunuzi wengi, kwa sababu mtu wa miaka 60 hujiona atabaki hivyo hivyo. Nyumba unayoinunua leo utaitumia zaidi ukiwa na 75.

Unachomiliki

Ardhi yote ya Zanzibar iliwekwa mikononi mwa Serikali baada ya Mapinduzi ya 1964. Mzanzibari hupata haki ya matumizi, na chini ya sheria ya ardhi ya 1992 haki hiyo haina ukomo wa miaka, huhamishika na hurithiwa. Asiye Mzanzibari, hata akiwa Mtanzania wa Bara, haipati, yeye hukodi. Fleti ina njia yake. Sheria ya Kondominiam ya 2010 ndiyo iliyomwezesha mtu kumiliki sehemu ya jengo bila kumiliki udongo ulio chini yake, na wageni wameingilia mlango huo huo.

Maana yake kwa mnunuzi wa Fumba ni hii: mwendelezaji kwa kawaida amekodishwa ardhi kwa muda maalumu, na haki yako imekaa juu ya haki yake. Usiridhike na neno "miaka 99" lililoandikwa kwenye kipeperushi. Omba nakala ya mkataba mkuu wa ukodishaji, angalia ulianza mwaka gani, hesabu iliyobaki, kisha soma kifungu cha kuongeza muda kuona nani atalipa. Ulizia pia kama ardhi au jengo limewekwa rehani benki, na kama fleti yako ina hati yake yenyewe kwa mrajis au bado imo ndani ya hati ya jengo zima. Anayelipa kwa awamu kabla jengo halijasimama aambatanishe kila awamu na hatua inayoonekana: msingi, zege la ghorofa yake, paa, umaliziaji. Mkataba unaodai fedha kwa tarehe tu humlipa mwendelezaji hata asipoinua tofali.

Kwa anayenunua kiwanja hatari zimejificha pengine. Ya kwanza ni eka tatu. Mashamba hayo yaligaiwa baada ya Mapinduzi ili watu walime, na aliyepewa hakupewa ruhusa ya kuyakata na kuyauza. Hata hivyo viwanja vinakatwa humo kila siku, kwa karatasi ya mkono na mashahidi wawili. Bei yake ni nafuu, na unafuu wenyewe ndio dalili. Ya pili ni mirathi isiyogawiwa: anayekuuzia ni kaka mkubwa, kumbe kuna dada Mombasa na wadogo wawili Oman ambao hawajasaini. Mrithi mmoja asiyeridhia anatosha kukupeleka Mahkama ya Ardhi. Dai hati ya mgao wa mirathi na saini ya kila mrithi, wanawake wakiwamo.

Sheha, kiongozi wa Serikali mtaani, ni muhimu kwa sababu anajua nani jirani wa nani na nani aliyewahi kugombana na nani. Barua yake lakini ni ushahidi wa ujirani, haiwi hati. Uhamisho hupita kwenye Bodi ya Uhamisho wa Ardhi na kuandikishwa kwa mrajis. Kabla ya hapo mchukue mpima, mtembee kwenye mipaka, na kila bikoni, yaani alama ya mpaka, ionekane kwa macho. Bikoni iliyochimbuliwa ikasogezwa mita moja na nusu upande wa mita 20 imekula mita za mraba 30, sawa na vyumba viwili vya kulala.

Ada ya mwezi, na dola iliyojificha ndani yake

Hapa ndipo Fumba inapotofautiana zaidi na njia nyengine. Kwenye mji uliopangwa kuna ulinzi, taka huzolewa, taa za njia zinawaka, bustani hukatwa. Vyote hivyo vina mtu anayelipwa, na anayemlipa ni wewe kwa mita za mraba za nyumba yako.

Tuchukue mfano wa kufanyia hesabu. Fleti ya mita za mraba 60, ada shilingi 2,000 kwa mita: ni 120,000 kwa mwezi, 1,440,000 kwa mwaka. Ikipanda asilimia 5 kila mwaka, mwaka wa ishirini utakuwa unalipa kama 303,000 kwa mwezi, na jumla ya miaka yote 20 itakaribia milioni 47 na nusu. Weka pensheni yako pembeni ya safu hiyo ya tarakimu uone kama nayo itapanda hivyo. Pensheni Jamii, inayolipwa kwa waliotimiza miaka 70, ilianza 2016 kwa shilingi 20,000 kwa mwezi. Hata kwa nyongeza zilizofuata, si fedha ya kutegemea kulipia lifti.

Bei za miji hii zimezoeleka kuhesabiwa kwa dola. Hata mkataba ukiwa wa shilingi, tafuta kifungu kinachofungamanisha ada na dola. Mwaka 2013 dola ilikuwa kama shilingi 1,600. Kufika 2024 imepita 2,500. Ada ya dola 50 iliyokuwa 80,000 ikawa zaidi ya 125,000 bila mtu yeyote kuipandisha. Mwenye mtoto anayemletea riyali au pauni hataumia. Mwenye pensheni ya ZSSF peke yake ataumia.

Kipimo chetu: ada, ikijumlishwa na makadirio ya umeme na maji, isizidi moja ya tano ya pensheni ya mwezi. Ikizidi, iwe fleti nzuri namna gani, achana nayo.

Soma pia kifungu cha asiyelipa. Kwenye kondominiam wamiliki huunda umoja wao, na umoja una haki ya kudai. Swali la kuuliza linahusu majirani: wangapi wamelipa mwaka uliopita? Jengo lenye fleti 40 ambamo 15 ni za watu wanaokaa nje na hawajalipa lina mlinzi mmoja badala ya wawili, na lifti imesimama. Omba kuona hesabu za mwaka mmoja nyuma na salio la akiba ya matengenezo makubwa. Wakisita kuzionesha, umeshajibiwa.

Ngazi na maji

Majumba ya Michenzani yametufundisha somo hili kwa zaidi ya miaka 40. Hayana lifti, na maji kupanda juu imekuwa taabu ya kila siku. Waliopewa wakiwa vijana walizeekea humo, na wapo ambao kushuka chini kumekuwa safari ya Ijumaa tu.

Ghorofa moja ni kama mita tatu, yaani vidato 17 au 18. Ghorofa ya tatu ni vidato zaidi ya 50, na umebeba kikapu cha samaki. Jengo lenye lifti moja lihesabu kuwa halina lifti siku kadhaa za kila mwaka, kwa hiyo uliza: jenereta la jengo linaendesha lifti na pampu, au taa za korido tu? Umeme wa Unguja unakuja kwa waya wa chini ya bahari kutoka Ras Kiromoni. Mwaka 2008 kisiwa kilikaa mwezi mzima bila umeme, na kutoka Disemba 2009 hadi Machi 2010 kikakaa miezi mitatu. Waya mpya wa 2013 umepunguza balaa, lakini kukatika kwa saa chache kungalipo, na saa chache zinatosha kumkwamisha mtu wa goti bovu chini ya ngazi.

Kwa hiyo fleti ya chini, au ghorofa ya kwanza kwa upeo. Wauzaji huzipandisha bei za juu kwa sababu ya upepo na mandhari ya bahari. Mstaafu ananufaika na mapendeleo hayo ya vijana: ya chini mara nyingi ni rahisi zaidi.

Siku ya kukagua nenda na gololi, sarafu na ndoo. Gololi iweke kwenye sakafu ya choo. Isipokimbilia tundu la maji, maji nayo hayatakimbia, na sakafu yenye maji yaliyotuama ndipo wazee wanapovunjika nyonga. Mwaga ndoo nzima, hesabu dakika. Sarafu gonga nayo vigae: kinacholia kama debe hakina saruji chini yake na kitachomoka. Fungua bomba la juu kabisa saa moja usiku, wakati kila mtu anatumia maji, si saa nne asubuhi ulipoitwa na muuzaji. Kisha tazama skurubu za reli ya roshani. Jengo la miaka miwili lenye skurubu zinazolia kutu limenunua vyuma vya bei rahisi kila mahali, pamoja na usivyoviona.

Rasi ya Fumba imezungukwa na bahari, na chumvi haina likizo. Kiyoyozi cha nje, bawaba, kufuli, waya za dishi: vyote hufa mapema kuliko mjini ndani. Uliza bawaba ni za chuma gani na nani anapaka reli rangi upya, baada ya miaka mingapi. Na umbali: kutoka Fumba hadi Mnazi Mmoja ni kama kilomita 18. Si mbali kwa gari lako mwenyewe. Kwa aliyeacha kuendesha, akitegemea daladala na baadaye teksi ya usiku, hizo ni kilomita nyengine kabisa.

Kujenga mwenyewe: pale fedha zinapoishia kwenye linta

Njia hii ndiyo wengi wanayoichagua, na ndiyo inayoacha maboma mengi. Sababu haibadiliki: mtu anachora nyumba ya vyumba vinne vya kulala kwa ajili ya watoto ambao wameshaoa, anaanza msingi wa nyumba nzima, na kiinua mgongo kinamalizika juu ya madirisha. Anza na vyumba viwili, ukumbi, jiko na choo cha ndani, kama mita za mraba 80, na paa lake limekamilika. Ukitaka kuongeza baadaye acha nondo za kuungia, lakini zifunike kwa zege hafifu la kuvunjika. Nondo iliyoachwa wazi misimu mitatu ya masika imeshaliwa nusu.

Kiwanja kikaguliwe Aprili. Madalali wanapenda kuuza Januari, ardhi ikiwa kavu. Sebleni na Mwanakwerekwe zina historia ya mafuriko inayojulikana na kila mtu. Mabonde madogo ya Fuoni na kwengineko hayana umaarufu huo ila yana maji yale yale. Tafuta alama kwenye kuta za majirani: mstari wa matope, rangi iliyobanduka kwa urefu mmoja nyumba baada ya nyumba.

Na hapa kuna mgongano ambao mafundi hawaupendi. Kiwanja cha chini kinataka sakafu iinuliwe, tuseme sentimita 60. Mzee anataka kuingia ndani bila kidato. Mteremko wa kiti cha magurudumu unapanda sentimita 1 kwa kila 12, kwa hiyo sentimita 60 zinataka mteremko wa mita 7.2, nao unakula ua wote wa mbele. Wengi huufupisha ukawa mita 3, na mteremko wa namna hiyo hakuna anayeweza kuupanda bila kusukumwa na watu wawili. Tiba ni kiwanja cha juu, hata kikiwa ghali zaidi: sakafu sentimita 30, mteremko mita 3.6, mambo yamekwisha. Milango yote iwe na upana wa sentimita 90, wa choo ukiwamo, na huo wa choo ufungukie nje, kwani mtu akianguka ndani mlango unaofungukia ndani huzuiwa na mwili wake. Karibu na choo cha kukaa jengea ukutani mbao ngumu au bamba la kufungia mkono wa kushikia, hata kama hutauweka leo. Matofali ya tundu hayashiki skurubu ya mkono unaobeba uzito wa mtu.

Juu ya matofali: ukuta wa tofali za inchi sita unachukua kama tofali 10 kwa mita ya mraba, pamoja na udongo wa kuungia. Mfuko mmoja wa saruji unatoa tofali nzuri 25 hadi 30. Wanaouza kwa bei ya kutupa wamevuta mfuko ukafika 40 na zaidi. Dondosha moja kutoka kiunoni: likikatika vipande viwili vitatu ni sawa, likimwagika kama unga rudisha gari zima. Mchanga wa ufukweni usiukubali hata bure. Chumvi yake huipata nondo ndani ya zege, kutu inavimba, na zege linapasuka kwa urefu wa nondo. Karibu na bahari zege linalofunika nondo lisipungue milimita 40. Mafundi wengi huweka 20 kwa mazoea, bila kijiwe cha kuinulia.

Maji: watu wawili wazima na mgeni mmoja hutumia kama lita 200 kwa siku. Simtank la lita 2,000 ni siku kumi, nazo zinatosha kungojea bomba la ZAWA, Mamlaka ya Maji, lirudi. Liweke juu ya mnara imara, ila usitarajie shawa ya nguvu. Kila mita 10 za urefu ni baa moja, na tangi lililo mita 3 juu linatoa baa 0.3 tu. Mfereji wa bati uelekeze kwenye tangi la pili: paa la mita za mraba 100 na mvua ya milimita 50 hukupa kama lita 4,000 baada ya kutoa zinazopotea.

Karo liwe na vyumba viwili, kama lita 3,000 kwa familia ndogo, likifuatiwa na shimo la kunywea. Kwenye ardhi ya jiwe, ambayo ndiyo ya Fumba na pande nyingi za kusini na mashariki, kuchimba ni gharama na maji machafu hupenya kwenye nyufa bila kuchujwa. Kisima kikae mita 30 au zaidi kutoka karo lako, na pia kutoka karo la jirani, jambo ambalo mtu hulikumbuka kisima kikishachimbwa.

Fundi alipwe kwa hatua na vifaa ununue wewe. Benki zetu zenye huduma za Kiislamu hutoa murabaha (benki inanunua kisha inakuuzia kwa faida) na ijara (inakukodisha) kwa ajili ya nyumba, lakini mikataba yao hupangwa imalizike karibu na umri wa kustaafu. Anayetaka msaada wa benki aanze akiwa na 48 au 50. Mwenye 59 ataambiwa alete mdhamini.

Kurudi Pemba

Kwa mwenye asili ya Pemba hii ndiyo njia rahisi kuliko zote kwa fedha, na inayodharauliwa bila haki. Umeme upo kwa waya kutoka Tanga tangu 2010, Mkoani kuna Hospitali ya Abdalla Mzee iliyojengwa upya, na mikarafuu michache ya marehemu baba huleta kitu kila msimu. Usiku ukiita, watu wanakuja.

Vikwazo viwili. Cha kwanza ni vilima. Kiwanja cha mteremko hukatwa, udongo unabaki ukuta, na fundi anajenga kizuizi cha tofali tupu. Masika ya kwanza udongo unanywa maji, unakuwa mzito, na ukuta unalala juu ya jiko. Kizuizi chochote kinachozidi mita moja kijengwe kwa mawe au zege lenye nondo, kokoto nyuma yake, na mabomba ya kutolea maji kila baada ya mita moja na nusu hivi. Ukate udongo mbali na ukuta wa nyumba, angalau mita mbili, ili mtu apite na maji yapite.

Cha pili ni kwamba umejenga kwenye ardhi isiyo yako peke yako. Ardhi ya ukoo ina wenyewe wengi, wengine hawajazaliwa. Andikeni kabla ya tofali la kwanza: mgao wa mirathi kama haujafanyika, kisha eneo lako lipimwe na liandikishwe. Ndugu wanaocheka wakisema "baina yetu hakuna haja ya karatasi" wanasema kweli. Watoto wao ndio watakaokuja na wakili.

Saruji na vifaa vya umaliziaji Pemba huja na nauli juu yake, kwa hiyo piga hesabu kwa bei za Chake au Wete na si za Darajani, Unguja. Na mwenye maradhi yanayotaka daktari bingwa kila wiki afikirie mara mbili: safari ya meli si ya mtu huyo.

Fleti ya Mji Mkongwe

Kwa ufupi: nzuri kwa miguu mizima. Msikiti, soko na hospitali viko hatua chache, lakini ngazi ni za mwinuko, na vyumba ni vyembamba kwa kuwa upana wake ulipimwa na urefu wa boriti. Kuta za mawe na chokaa zinapumua. Aliyepiga plasta ya saruji juu yake amefungia unyevu ndani, na boriti zinaoza pale zilipoingia ukutani. Chomeka bisibisi kwenye ncha za boriti kabla ya kuzungumza bei. Matengenezo yanataka ruhusa ya Mamlaka ya Uhifadhi, na nyumba za wakfu hupangishwa tu. Sehemu ya Beit el-Ajaib iliporomoka Disemba 2020; jengo lako linashikana na la jirani, na fedha za matengenezo anazo au hana jirani huyo.

Nani atabaki ndani baada yako

Nyumba ya mstaafu hurithiwa mapema kuliko nyumba nyengine, na mjane ndiye anayeumia. Kwa mirathi ya Kiislamu, mume akifa na kuacha watoto, mke anapata thumuni. Nyumba ya milioni 80, fungu lake ni milioni 10, na wanawe wa kambo wakitaka kuuza hana la kushikilia. Wasia haumfai mrithi bila ridhaa ya warithi wengine, na kwa asiye mrithi hauvuki thuluthi.

Ukichangia fedha na mkeo, hati iandikwe kwa majina yote mawili na mafungu yatajwe, tangu siku ya kununua. Ukitaka kumpa hiba, mpe ukiwa mzima, mbele ya mashahidi, na umkabidhi kweli. Kwa Kadhi, hiba iliyotolewa katika maradhi ya mauti huhesabiwa kama wasia. Fleti ya kondominiam ina faida moja kwenye jambo hili: mipaka yake haina ubishi na huuzika haraka, warithi wakagawana fedha. Nyumba ya shamba ina ua, migomba, kaburi la babu. Haigawiki kwa tarakimu.

Aliyekwishachagua upande asitoe arbuni bado. Apange nyumba eneo hilo hilo miezi sita kuanzia Machi, kodi ya kawaida. Masika yataonesha maji yanapotuama, umeme unapokatika nani anawasha nini, na daladala la mwisho linapita saa ngapi. Huku kodi ikiendelea, wakili atafute hati, mpima atafute bikoni, na mke au mume apande ngazi zile kila siku akiwa na mkoba wa sokoni.